SOMO LA MALEZI: MAMA WA KAZI NA MTOTO ANAYESIMAMA DEDE

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Kutoka 2:1-10, 1 Samweli 1:21-28 na 2:18-21.



Mwezi huu somo letu linawahusu akina mama wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yaani tangu mtoto anaposimama dede mpaka anapoweza kukimbia na kueleza anachotaka. Lakini akina baba, akina bibi, na wote wanaobaki na watoto mchana wasifunge gazeti. Wakiendelea kusoma wataona kwamba somo ni lao pia.

Tukisema "mama wa kazi" wengi humfikiria mwalimu au muuguzi anayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Hao wapo, na tunao katika ibada zetu kila Jumapili. Lakini mama wa kazi ni pia yule anayeanika singa katika shamba la mkonge. Ni mama lishe anayewasha moto karibu na stendi ya Korogwe kabla basi la kwanza halijapita. Ni mama wa Handeni ambaye siku yake huanza kwa kutafuta maji, ikaendelea shambani, ikaisha gengeni. Wote hawa wana jambo moja linalowaunganisha: kila siku humwacha mtoto nyumbani, au humbeba mgongoni hadi kazini, na vyovyote watakavyofanya moyo huwauma.

Sisi tunaoandika tumo miongoni mwao. Jioni moja mwenzetu alirudi kutoka kazini, akanyosha mikono kumpokea mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto akamtazama, akageuka, akamkumbatia dada anayemlea. Mama yule hakupata usingizi usiku ule. Asubuhi alituuliza, "Je, niache kazi?" Nasi tulijua kwamba kazi ile ndiyo inayonunua unga, na ndiyo inayomlipa huyo dada. Hatukuwa na jibu la haraka. Somo hili ndilo jibu letu.

MAMA WAWILI KATIKA MAANDIKO

Tumtazame kwanza Yokebedi, mama yake Musa. Tumezoea kusimulia habari za kikapu na mto, tukasahau kilichofuata. Binti Farao alimpa mama yule kazi ya kumnyonyesha mtoto, tena kwa ujira. Basi Yokebedi alikuwa mama wa kazi! Naye alijua kwamba siku zake na mtoto zimehesabiwa, maana mtoto akikua atapelekwa kwa mwenye nyumba kubwa. Hatuelezwi alimfundisha nini katika miaka ile michache. Lakini Musa alipokuwa mtu mzima, baada ya kulelewa miaka mingi kama mwana wa binti Farao, aliwatambua Waebrania kuwa ndugu zake. Mbegu ilikuwa imekwisha pandwa mapema.

Wa pili ni Hana. Alikaa na Samweli mpaka akamwachisha ziwa, kisha akampeleka Shilo. Baada ya hapo alimwona mara moja kwa mwaka, na kila mwaka alimshonea kanzu ndogo. Fikirini kanzu ile. Ili imtoshe mtoto anayekua, ilimpasa mama akae mbali akimfikiria: sasa amefikia wapi, mabega yamepanuka kiasi gani? Hakuwa naye, lakini hakuacha kumpima moyoni.

Kwa mama hawa wawili tunajifunza neno moja, nalo ndilo kiini cha somo letu: mtoto mdogo hahitaji mama asiye na kazi. Anahitaji mama anayemwitikia katika saa chache alizo naye, na mlezi anayemwitikia katika saa zilizobaki.

KWA NINI MIAKA HII

Watu wengi hudhani kwamba mtoto huanza kujifunza siku anapovaa sare za darasa la awali. Sivyo. Mtoto wa mwaka mmoja husema neno moja au machache. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "maji taka" au "baba kuja". Afikapo mitatu huweza kusema sentensi fupi na kuuliza maswali mengi kupita uvumilivu wetu. Maneno hayo yote hayakutoka darasani. Yalitoka katika vinywa vya watu waliokuwa karibu naye, na ubongo wake uliyapokea wakati unapokua kwa kasi kubwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walitaja mambo matano anayohitaji kila mtoto mdogo: afya njema, lishe ya kutosha, malezi ya kumwitikia, nafasi za kujifunza mapema, na ulinzi. Desemba 2021 Serikali yetu nayo ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, ikijengwa juu ya mambo hayo hayo. Hivyo tunapozungumza na mtoto wakati wa kumwogesha, hatufanyi mchezo tu. Tunafanya kazi ambayo wataalamu na Taifa wameitambua.

Hatari kubwa kwa watoto wetu si kukosa vitu vya kuchezea vya dukani. Hatari ni ukimya. Mtoto anaweza kushiba, akavaa vizuri, akalala ndani ya chandarua, na bado kutwa nzima asiongeleshwe na mtu ila kwa kukatazwa: "Acha! Toka! Nyamaza!"

SAA ZETU CHACHE

Hatutawaambia mtafute muda mpya, kwa maana haupo. Tutumie ule tulio nao.

Kwanza, asubuhi wakati wa kumwogesha. Taja viungo vyake kimoja kimoja: "Mkono uko wapi? Sikio liko wapi?" Kisha ngoja. Kungoja ni nusu ya mafunzo. Akionyesha kwa kidole, amekujibu. Akisema "chikio", usimcheke. Wewe sema vizuri, "Ndiyo, sikio," naye atalishika kidogo kidogo.

Pili, njiani. Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Basi kisogo kiseme! Mama anayetembea Korogwe akiwa na mtoto mgongoni amtajie mto, daraja, mlima, basi, mkonge. Mama wa Handeni amtajie mbuzi, ndoo, mwembe, ng'ombe anayekunywa maji. Mtoto akinyosha kidole, mtajie jina la anachokionyesha, kisha ongeza neno moja: "Mbuzi. Mbuzi mweusi. Mbuzi anakula." Kama nyumbani mnazungumza Kizigua, Kisambaa au Kibondei, semeni hivyo bila hofu. Mtoto anaweza kuzishika lugha mbili, na lugha ya bibi yake haiharibu Kiswahili chake.

Tatu, jikoni. Hapa ndipo shule ilipo. Mpe sufuria mbili na vifuniko vyake, ajaribu kipi kinaingia wapi. Mtume: "Niletee kijiko," na akileta, mshukuru. Akikaribia miaka mitatu mpe magunzi makubwa na madogo ayatenge. Hesabu mbele yake vikombe vya watu wa nyumbani: kimoja, viwili, vitatu. Lakini mkae naye mbali na moto, na asipewe maharagwe, kunde au punje za mahindi kuchezea, kwa maana huziingiza puani au kooni. Mpeni vitu vikubwa visivyoweza kuingia kinywani.

Nne, kikapu cha michezo. Tafuteni kikapu kimoja chakavu. Wekeni mpira wa matambara, mwanasesere wa kitambaa, boksi tupu la kusukuma, kibuyu kikavu chenye mawe ndani kilichozibwa imara, na kipande cha khanga cha kujificha na kujifichua. Vitoeni viwili au vitatu kwa siku, vingine vifichwe. Kesho vitakuwa vipya tena machoni pake. Kikapu hiki hakigharimu hata shilingi.

Tano, jioni. Mama amechoka, miguu inawaka, na mtoto anataka kubebwa. Tunashauri hivi: kabla ya kuuliza habari ya nyumba, kabla ya kufungua kanga ya mzigo, kaa chini na mtoto kwa muda mfupi, kama wa kuchemsha chai. Mwangalie usoni. Mwache achague mchezo, wewe umfuate. Baada ya hapo ndipo uendelee na kazi zako, naye mara nyingi ataridhika kucheza karibu nawe. Kabla ya kulala mwimbieni, msimulieni hadithi fupi ile ile aliyoizoea, na mtajie mbele ya Mungu majina ya watu wake. Hata akisema "Amina" tu, amesali.

Kuna mama atakayesema, "Mambo haya ni madogo mno." Ni madogo kweli, lakini haba na haba hujaza kibaba.

MLEZI WA MCHANA

Mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa mama wa kazi ana mlezi wa pili, naye ni bibi, shangazi, jirani au dada wa kazi. Mara nyingi tunamwachia mlezi huyu maagizo ya uji na nguo, lakini hatumwachii neno lolote kuhusu kuzungumza na mtoto.

Tumwonyeshe kikapu. Tumfundishe nyimbo zetu, nasi tujifunze zake. Tuache chakula cha kutosha, kwa kuwa tumbo la mtoto ni dogo: tangu mwaka mmoja huhitaji kula milo mitatu au minne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati kama ndizi au papai. Jioni tusimwulize tu, "Amekula?" Tumwulize pia, "Leo amesema nini? Amecheka kwa ajili ya nini?" Mlezi anayeulizwa hivyo kila siku ataanza kutazama.

Tumheshimu pia. Dada wa kazi anayetukanwa asubuhi hawezi kumwimbia mtoto mchana. Na mtoto anayebadilishiwa walezi mara kwa mara hupata hofu ya kumpenda mtu yeyote. Tena ndugu, lisemwe wazi: binti wa nyumbani mwenye umri wa kwenda shule asizuiwe kwenda shule ili alee mdogo wake. Hapo tutakuwa tumemsaidia mtoto mmoja kwa kumwibia mwingine.

Asubuhi msiondoke kwa kunyemelea. Mwambieni, "Mama anakwenda kazini, atarudi jioni," mkampungie mkono, hata akilia. Kilio cha kuagana hupita. Lakini mtoto anayegeuka na kukuta mama ametoweka hujifunza kutomwamini.

Na mtoto anayemkimbilia dada jioni? Tulimwambia mwenzetu yule ashukuru. Mtoto anayempenda mlezi wake ametunzwa vizuri. Upendo wa mtoto si mkate kwamba akimpa mmoja kipande, mwingine anapunguziwa. Alifuata ushauri wa kukaa chini kila jioni bila kumlazimisha. Haikuwa siku moja wala mbili, lakini mtoto alianza kumngoja mlangoni.

Wengine huwapeleka watoto katika vituo vya kulelea watoto mchana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivyo visajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo ya kuulizia habari zake. Nendeni mkaangalie wenyewe: walezi ni wangapi kwa watoto wangapi? Choo na maji vikoje? Je, walezi huinama kuzungumza na watoto, au hukaa pembeni na fimbo?

HAKI ZA MAMA KAZINI, NA SEHEMU YA BABA

Wengi hawazijui haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 kama amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Arudipo kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Baba naye ana haki ya likizo ya siku 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Lakini mama lishe na mama wa jembe hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Likizo yao ni sisi majirani. Na baba asingoje mtoto awe mkubwa "ndipo tuzungumze". Baba anayemwogesha mwanawe, anayemtupia mpira wa matambara, anayechota maji ili mama akae na mtoto, hajapunguza heshima yake hata kidogo.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Simu isiwe yaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Simu haimngoji mtoto ajibu.

Mafuta ya taa na dawa za shamba zisiwekwe katika chupa za soda. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kuzama hata katika maji kidogo. Msimtishe kwa zimwi ili alale. Msimchape kwa kumwaga maji, maana bado anajifunza mikono yake. Wala msimlinganishe na mtoto wa jirani.

Hata hivyo zipo dalili zisizofaa kungojewa. Mtoto asiyetembea bado katika miezi 18, asiyesema neno lolote lenye maana katika umri huo, asiyeunganisha maneno mawili katika miaka 2, asiyegeuka anapoitwa, au aliyepoteza jambo alilokwisha kulijua, apelekwe kliniki mapema pamoja na kadi yake. Si laana, wala si aibu ya mama. Akionwa mapema atasaidiwa vizuri zaidi.

NENO KWA KANISA

Mwaka 1876, huko Old Alresford, Uingereza, Mary Sumner aliwaita akina mama wa parokia ya mume wake ili wasaidiane katika malezi. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza aliona haya hata akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki ijayo. Walirudi, na hapo ndipo ulipoanza Umoja wa Akina Mama. Nasi tusione haya. Kila mahali penye ukumbi wa kanisa, ukumbi huo hukaa siku nyingi umefungwa. Je, haiwezekani asubuhi mbili kwa wiki bibi wawili au watatu wenye nguvu wakakaa humo na watoto, wakiwa na mkeka, maji safi na vikapu vya michezo, huku mama zao wako kazini? Tunaombea watoto siku ya Ubatizo na kuahidi kuwasaidia wazazi. Hapa pana njia ya kutimiza ahadi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika siku yako ya kazi, ni saa ipi unayoweza kumpa mtoto bila kuongeza muda?
2. Mlezi wa mchana nyumbani kwako huzungumza na mtoto kiasi gani? Umepata kumwuliza?
3. Akina baba: ni kazi gani moja ya mama utakayoichukua ili yeye akae na mtoto?
4. Hapa kwetu, ni nani wanaoweza kusaidia malezi ya mchana, na wapi?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila nyumba yenye mtoto itengeneze kikapu kimoja cha michezo. Kila nyumba isiyo na mtoto itengeneze kimoja na kukipeleka kwa jirani. Na kila jioni, kabla ya mengine yote, tukae chini na mtoto kwa muda wa kuchemsha chai.

SALA

Ee Bwana, uliyewapokea watoto wadogo mikononi mwako, uwatazame mama zetu waendao kazini alfajiri na kurudi wamechoka. Uwape nguvu ya kukaa chini kidogo na watoto wao. Uwabariki wanaobaki nao mchana. Utupe sisi sote masikio ya kuwasikia walio wadogo, nao wakue wakijua kwamba wanapendwa nyumbani na mbele zako. Amina.